Jael Alipolala Mchana

"Mama, wewe hulalanga lini?"

Shantel alikuwa bado na pengo la meno ya mbele siku alipouliza hivyo, ameketi kwenye kigoda cha jikoni, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Mama yake, Jael, alikuwa tayari amekamua ng'ombe, amefagia uwanja na kuchota maji, na sasa alikuwa akiipua sufuria ya uji kwa mikono mitupu, bila hata kitambaa. Alicheka kwa pua tu.

"Vaa soksi. Utachelewa."

Lakini mtoto hakuwa akitania. Alikuwa amefanya uchunguzi wake. Kila alipofumba macho alimwacha mama akipiga sare pasi ya makaa, na kila alipoyafumbua alimkuta mama yuko uwanjani, leso kiunoni, kuku wakimfuata. Aliwahi kujaribu kukesha ili amfumanie mama amelala, na aliyefumaniwa na usingizi akawa yeye mwenyewe. Mwishowe akakata shauri kwamba akina mama hawakuumbiwa usingizi, kama vile samaki hawakuumbiwa miguu. Akawatangazia wenzake darasani, na hakuna aliyembishia. Kila mmoja alimfikiria mama yake, akaona ni kweli.

Baba alikuwa kiumbe wa namna nyingine. Erastus alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha sukari. Alirudi jua likichomoza, nguo zikinuka molasi, akanywa chai, akalala. Tangu hapo boma zima lilitembea kwa ncha za vidole. "Baba amelala." Maneno hayo mawili yalikuwa sheria. Redio ilizimwa. Mark, mdogo wake Shantel, alijifunza kulia huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mgeni akibisha hodi aliambiwa kwa mnong'ono, naye bila kufikiri akajibu kwa mnong'ono. Na aliyeulinda usingizi huo kuliko wote alikuwa Jael. Aliwahi kumfukuza jogoo mpaka kwa jirani, akimzomea kimya kimya, kwa mikono tu.

Kadiri Shantel alivyokua ndivyo alivyozidi kumshangaa mama yake. Kwao ni karibu na Butere, mahali ambapo miwa imesogea hadi mlangoni, hata ukitaka kumwona jirani inabidi umwite kwanza. Jael aliingia ndani ya miwa hiyo na jembe, na Shantel alipotumwa kumpelekea chai alimsikia kabla ya kumwona: tuk, tuk, tuk, na katikati yake sauti ya kwanza ya wimbo wa kwaya, safi, isiyohema. Majani ya miwa hukata kama wembe, lakini kwenye mikono ya Jael yaliacha mistari myeupe tu, kama ya chaki. Akitoka huko alikata majani ya napia ya kulisha ng'ombe, mzigo mkubwa kiasi kwamba vijana wa bodaboda walimuuliza kama anahamisha nyumba. Aliubeba kichwani, Mark mgongoni, mtungi wa maji mkononi, na bado akikutana na mtu njiani alisimama kumsalimia, tena kwa kirefu, mpaka aulizie na hali ya ndama wa mwenzake.

"Mama yako ni trekta," wenzake walimwambia Shantel, naye akavimba kichwa. Alidhani ni sifa. Hata Jael alidhani hivyo.

Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokiogopa Jael, nacho kilikuwa Matete, alikozaliwa. Huko ndiko alikoishi mama yake, Kukhu Khalayi, nyanya yao akina Shantel, ambaye mgongo wake ulikuwa umekunjika hata uso wake ukatazama ardhi, amesimama au anatembea. Kukhu aliwajua watu kwa miguu yao. Wakifika likizo, aliwapitia mmoja mmoja pale mlangoni.

"Huyu mwenye kidole gumba cha kupinda ni Shantel. Na hizi kamba za viatu zisizofungwa, hizi ni za Mark."

Shantel aliona ni ajabu ya kupendeza, kama kiini macho. Siku moja alivaa viatu vya Mark ili amjaribu. Kukhu alivitazama, akasikiliza hatua mbili tatu, akacheka mpaka akashika magoti.

"Viatu vya mvulana, mwendo wa mwizi. Toka hapa, Shantel!"

Lakini ardhi ikianza kunukia mvua, Kukhu aliuliza, "Mawingu yakoje?" Na ilibidi mtu asimame pale amweleze: meusi upande wa mlima, Kukhu, na hapa juu ni kama pamba iliyochanwa. Kukhu aliitikia, "Enhe, enhe," kama mtu anayesimuliwa habari za ng'ambo.

Alipofariki, Shantel aliuona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza bila yeye mwenyewe kupiga magoti. Waliporudi nyumbani, Jael alisema, akichambua mboga, "Zamani alikuwa amenyooka. Alikuwa mrefu kuliko mimi."

"Ni nini kilimkunja?"

"Kazi. Lakini huwezi kuilaumu siku moja. Siku ziligawana."

Shantel akayabeba maneno hayo mpaka kidato cha pili. Ilikuwa likizo ndefu, jua limeshapanda, baba amelala. Jael aliinama kutua mzigo wa napia, na hakuinuka. Mzigo ulianguka, yeye akabaki pale pale, mikono magotini, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi.

"Shantel," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Usikimbie."

"Mama! Mama, nini?"

"Shh. Baba amelala."

Shantel alimsogelea. Macho ya mama yake yalikuwa yametua juu ya viatu vyake, hayawezi kupanda zaidi. Na Shantel, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akishindwa na kitu chochote, alipiga magoti ili auone uso wake. Alikuwa anamtazama Kukhu.

Safari hii baba aliamshwa.

Kakamega, katika hospitali, walipelekwa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, kwa kijana mmoja mrefu aitwaye Kipsang, mwenye mikono mikubwa na sauti ya upole. Alimbonyeza Jael mgongo, akamnyanyua mguu huu, akanyanyua na ule, halafu akamuuliza, "Mama, wewe hupumzika wakati gani?"

"Jumapili. Kanisani."

"Kanisani unakaa?"

"Mimi ni wa kwaya. Tunasimama."

"Na baada ya kanisa?"

"Kuna wageni."

Kipsang alimtazama Shantel kama anayeomba msaada. Shantel akainua mabega.

"Mgongo haujavunjika," Kipsang alisema. "Ni misuli. Imechoka mpaka imejifunga kama fundo. Umesema mama yako alikuwa ameinama? Wewe hujafika alikofika. Lakini uko kwenye barabara ile ile, na ukiendelea hivi, utafika."

Akatandika mkeka sakafuni, akaweka kigoda, akamwambia alale chali, vigimbi vya miguu juu ya kigoda, mikono wazi, apumue mpaka tumboni.

Jael alimtazama, akautazama mkeka. "Kijana wangu, mimi nilale hapa chini mbele yako? Wewe ni rika la mdogo wangu wa mwisho."

"Nitageuka ukutani, mama."

Na kweli akageuka. Hivyo ndivyo Jael alivyofundishwa, na mtu anayeongea na ukuta: alale hivyo kila mchana, kazi ikiwepo, maana kazi itakuwepo tu, asiingoje iishe. Kisha ainue makalio polepole na kuyashusha. Mzigo wa napia augawe mara mbili. Anywe maji kabla ya kiu kumkumbusha. Na jembe lipate mpini mrefu, apalilie akiwa amesimama.

Mpini aliuchonga Erastus mwenyewe kwa mti wa mkaratusi. Wakata miwa walipouona walishindwa kujizuia.

"Mama Shantel, hilo ni jembe ama mlingoti wa bendera?"

"Ni la kupigia watu wa mbali," Jael alijibu. "Kaa hapo hapo nikuonyeshe."

Jembe lilikuwa rahisi. Mkeka ndio uliokuwa mgumu. Kwa watu wa pale, mwanamke aliyelala mchana ni mgonjwa, au ana msiba. Hakuna la tatu. Chumbani hakukuwa na nafasi, baba amelala. Sebuleni kila apitaye angechungulia. Basi Jael akautandika nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha migomba, akamweka Shantel alinde njia.

Shantel aligeuka mara moja tu kutazama, akasahau kulinda. Hakuwahi kumwona mama yake amelala. Siku zote alimwona ameinama, amechuchumaa, amebeba, anapita. Sasa alikuwa amenyooka kwenye mkeka, miguu juu ya kigoda, tumbo likipanda na kushuka, na alikuwa mrefu. Mrefu sana! Kumbe mama yake alikuwa na urefu wote huo, na aliuficha wapi miaka yote? Vidole vya mikono, vilivyozoea kushika kitu, viliendelea kucheza peke yao kwa muda, kama kuku aliyelowa akijikung'uta, halafu navyo vikatulia. Ilikuwa kama kuuona mto Yala umesimama.

Wiki kadhaa zikapita hivyo, na Jael akaanza kuinuka bila kushika magoti.

Halafu ikaja siku ya nzi. Walikuwa wengi, kwa sababu ya ng'ombe, wakitua puani na mdomoni kwa Jael. Akajifunika leso uso mzima, akanyoosha mikono, akapumua polepole kama alivyofundishwa, mpaka usingizi ukamchukua. Shantel alikuwa ametumwa dukani. Pascalia, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akapita njia ya mkato ya migombani kuja kuazima ungo. Akamwona Jael chini, kimya, amefunikwa leso mpaka utosini.

Nduru aliyoipiga Pascalia ilifika dukani. Shantel aliisikia, na hakujua ni ya nini, mpaka akaisikia ikiitikiwa na nyumba ya pili, na ya tatu, na jina likaja juu ya miwa: "Mama Shantel! Mama Shantel ametuacha!" Akatupa chumvi, akakimbia.

Alikuta uwanja umejaa. Hakuelewa watu hao wote walikuwa wapi dakika chache kabla. Walitoka ndani ya miwa na majembe yao, waliruka kutoka kwenye bodaboda, mwanamke mmoja alikuja na unga mikononi. Baba alitoka nje amejifunga shuka, macho mekundu, akiuliza, "Wapi? Yuko wapi?" Mzee Lusweti, jirani, alikuwa tayari ameshika simu, anaulizia hema la matanga.

Katikati ya kilio hicho, leso ikasogea. Jael akaketi.

Nusu ya watu walikimbia. Mmoja alipita juu ya ua la michongoma ambalo hakuna aliyewahi kuliruka, akaacha ndala moja.

"Ni nini?" Jael aliuliza, nywele zimesimama. "Nani amekufa?"

"Wewe!" Pascalia alifoka.

"Mimi nilikuwa napumzika."

Ungedhani sasa watafurahi. Wengine walimkumbatia, ni kweli, wakamshika mashavu kuhakikisha. Lakini Pascalia alikuwa ameshika kiuno.

"Unapumzika! Mchana! Mtu mzima, mama wa watoto, analala nje kama paka, sisi tunaacha majembe shambani?"

"Ungesema tu unaumwa," mwingine alimshauri. "Mgonjwa tunamwelewa."

Shantel aliona mlango mdogo umefunguliwa hapo. Mama angesema, ndiyo, naumwa, na kila mtu angempa pole na aibu ingeisha. Jael alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akawatazama wote, mmoja mmoja, usoni.

"Kwa hiyo nikifa mnakuja wote," alisema, "na nikipumzika mnakasirika wote?"

Mzee Lusweti alirudi kwenye simu, akamwambia wa upande wa pili kwamba hema lisubiri kidogo. Watu wakaondoka wawili wawili. Neno lilikuwa limewachoma, lakini lilimchoma zaidi aliyelisema, maana jioni Jael aliukunja mkeka, akauchomeka juu kwenye dari ya jiko.

"Si ungelala ndani?" Erastus alimuuliza, si kwa ukali.

"Ndani umelala wewe."

Erastus alikuna shingo.

Mkeka ukakaa darini ukishika masizi. Shantel alirudi shuleni, na aliporudi likizo nyingine alimkuta mama yake amechuchumaa mlangoni, anapepeta mchele. Shantel hakuwa amesema neno. Hakuwa amebisha hodi.

"Umefika, Shantel," Jael alisema bila kuinua kichwa. "Mbona viatu vimepasuka hivyo?"

Begi lilimponyoka Shantel mkononi. Ndani ya kichwa chake aliisikia sauti ya Matete, ikiwataja watu kwa kamba za viatu. Hakusalimia hata. Aliingia jikoni, akapanda juu ya kigoda, akauvuta mkeka darini, masizi yakamwagika kwenye sare. Akaukung'uta. Akautandika, si nyuma ya jiko, bali mbele ya nyumba, pale pale ambapo kila apitaye barabarani anaona.

"Lala, mama."

"Wewe mtoto una wazimu? Pale?"

"Lala."

"Watu watasema."

"Walishasema. Walishakuzika, mama, wakakufufua. Wamebakisha nini?"

Jael alitaka kucheka, mgongo ukamkata kicheko. Alibaki amejikunja, mkono kiunoni, akiuangalia mkeka kwa muda mrefu. Kisha akaenda, polepole, akalala. Shantel akamwekea kigoda chini ya miguu. Akakaa getini.

Wa kwanza kutokea, bila shaka, alikuwa Pascalia, na sauti yake ilitangulia kama kawaida.

"Hodi hapa! Mama Shantel! Wenye nyumba mpo?"

Shantel alisimama. Huyu alikuwa mtu mzima na kiongozi wa akina mama. Akaweka kidole mdomoni, na maneno yakatoka yenyewe, yale yale aliyoyasema utoto wake wote, isipokuwa neno moja.

"Shh. Mama amelala."

Na hapo Shantel aliona jambo ambalo hata leo analishangaa. Pascalia alinyamaza. Hakuamua kunyamaza, mwili wake ulitii wenyewe, kama ulivyotii miaka yote getini hapo. Mabega yalishuka. Akanong'ona, "Oh! Amelala saa hizi?" Akatazama juu ya bega la Shantel, pale kwenye mkeka, akatazama sana. "Na hiyo miguu juu ya kigoda, husaidia?"

"Husaidia."

"Hata magoti?"

"Sijui. Uje umuulize. Akiamka."

Pascalia aliitikia kwa kichwa, akaondoka kwa ncha za vidole, mwanamke mzito kama yule, akiinua sketi ili isisugue majani.

Nyuma yao mlango ulifunguliwa. Erastus alitoka akipiga miayo, redio mkononi inasoma habari. Mark akamrukia.

"Baba! Mama amelala!"

Erastus alisimama kizingitini. Alimtazama mkewe aliyenyooka juani, mbele ya dunia yote. Akaizima redio. Akavua ndala zake, akazishika mkononi, akapita pembeni ya mkeka miguu mitupu, kwenda kumpa ng'ombe majani.

Hawajamaliza vita. Kuna watu mpaka leo wakipita hapo mchana hukohoa kwa makusudi. Lakini Pascalia alikuja, na mkeka wake chini ya kwapa, akidai ameuleta kuuanika. Na Jael sasa, ukifika mlangoni kwake, hukutazama usoni kwanza, ndipo ashuke kwenye viatu.

Juzi Shantel, ambaye sasa yuko kidato cha nne, alikuwa ameketi kando ya mkeka akisoma. Alidhani mama yake amesinzia. Kumbe Jael alikuwa amefumbua macho, anatazama juu.

"Ona hayo mawingu," alisema. "Yale ya kule ni kama napia iliyokatwa vibaya. Mama yangu aliyakosa haya yote." Akamgeukia Shantel. "Uliwahi kuniuliza kitu wewe, ukiwa mdogo. Umeshika soksi."

"Unakumbuka?"

"Nilikumbuka kila siku. Ati mimi hulalanga lini. Nilikosa cha kukujibu, nikakuambia utachelewa."

"Na sasa? Hulalanga lini?"

Jael alivuta pumzi mpaka tumboni, akaiachia taratibu, akafumba macho.

"Sasa," alisema. "Na wewe, hebu fungua kurasa polepole. Mama amelala."